MAFUTA YA MOTERI: SOMA BIDONI KAMA UNAVYOSOMA CHUPA YA DAWA



Wengine watauliza: "Namna gani, muganga amekuwa mekanisie? Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za malaria, za kuhara na za kofia ya kazi. Mafuta ya moteri yanaingia wapi?" Mna haki ya kuuliza. Nitawajibu kwa jambo lililonipata mimi mwenyewe. Kisha mtaona ya kuwa mafuta ya moteri na uzima wa mtu ni majirani.

USIKU ULE NJIANI

Ilikuwa siku ya Mungu. Asubuhi shofere wetu, mzee mwenye kazi ya miaka mingi, alipima mafuta ya ambulansi, Land Cruiser ya mazuti, akaona yamepungua. Depo ilikuwa imefungwa. Kando ya njia kijana mmoja aliuza bidoni ya litri 5 kwa nusu ya bei. Kifuniko chake hakikuwa na pete. Mzee alitikisa kichwa. Mimi nilikuwa na haraka, na karatasi ya feza ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema: "Papa, mafuta ni mafuta. Tia." Akatia.

Usiku tuliitwa kuchukua mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Tulimlaza nyuma, tukashika njia ya vumbi kurudi hopitali. Tulipofika katikati ya pori, mzee alipunguza mwendo kwenye shimo, na taa nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta ikawaka. Alizima moteri mara moja.

"Muganga, tumesimama."

"Papa, mama huyu anateseka. Twende pole pole tu."

"Tukienda, tutafanya kilometa 2. Kisha gari hii haitatembea tena hata kesho, na mama atabaki hapa pamoja nasi."

Alikuwa na haki. Alipanda kilima kwa miguu kutafuta mahali simu inaposhika, akaita gari nyingine. Tulingojea zaidi ya saa 2. Nilishika mkono wa yule mama, nikimwambia maneno mema, na mimi mwenyewe sikuyaamini. Kwa neema mama alipona na mtoto alipona, lakini mtoto alitoka mchovu, na siku nyingi alilazwa akisaidiwa kupumua. Mekanisie alipofungua ambulansi alikuta ya kuwa mafuta ya ile bidoni yalikuwa ya kale yaliyochujwa, mepesi kama maji, yenye harufu ya mazuti.

Tangu siku ile nimejifunza mambo ya mafuta. Niliuliza mafundi, nikasoma vitabu vya magari. Nikaona ni neno lile lile tulilofundishwa shuleni juu ya dawa: dawa inayofaa, kipimo kinachofaa, kwa wakati unaofaa. Basi, leo ninawapa ninyi somo hilo, maana wengi kati yenu mnaendesha jipu kubwa za kazi, na wengine mmejinunulia Prado, Patrol ao Land Cruiser iliyotumika, yenye kuingia kwa njia ya Dar es Salaam ao Durban.

KAZI YA MAFUTA NDANI YA MOTERI

Watu wengi wanafikiri mafuta yana kazi moja tu, yaani kulainisha. Sivyo. Yana kazi 5:

1. Yanatenga chuma na chuma, visisagane.
2. Yanabeba joto kutoka mahali ambapo maji ya radiatere hayafiki, kama chini ya pistoni na katika turbo.
3. Yanaokota masizi na uchafu, na kuupeleka kwenye filtri.
4. Yanaziba nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda, ili nguvu isipotee.
5. Yanaua asidi. Mazuti yenye salfa yakiungua, na mvuke wa maji ukiwapo, asidi inazaliwa, nayo inakula chuma. Ndani ya mafuta mazuri mumetiwa dawa ya kupambana na asidi hiyo.

Ni kama damu mwilini: inabeba, inasafisha, inalinda. Na kama vile hatumtii mgonjwa damu ya namna yoyote, vile vile moteri haitiwi mafuta yoyote.

MSTARI WA KWANZA: NAMBA

Juu ya kila bidoni ya kweli utaona herufi SAE na namba, kwa mfano 15W-40. Namba hizo zinaonyesha uzito wa mafuta, yaani jinsi yanavyotiririka. Hazionyeshi ubora.

Namba yenye W ni ya baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo mafuta yanavyotiririka vizuri moteri ikiwa baridi. Mafuta ya 15W hupimwa kwenye baridi ya digri 20 chini ya ziro, na yale ya 0W kwenye digri 35 chini ya ziro. Namba ya pili inapimwa kwenye joto la digri 100, joto la maji yanayochemka. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta yanavyobaki mazito moteri ikiwa moto.

Sasa tazama inchi yetu. Kolwezi iko karibu metre 1 400 juu ya bahari. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi tunavaa koti, lakini baridi yetu si ile ya theluji. Mwezi wa 9 na wa 10 jua linachoma, na jipu inapanda kilima na mzigo. Ndiyo sababu 15W-40 inafaa moteri nyingi za mazuti za huku mwaka mzima.

Lakini jihadhari na makosa 2.

Kosa la kwanza ni la mwenye moteri mzee. Anasema: "Inakula mafuta, nitatia mazito kabisa." Mafuta mazito kupita agizo yanachelewa kupanda asubuhi, na katika dakika ile ya kwanza vyuma vinasagana vikavu. Moshi utapungua kidogo, lakini ugonjwa unabaki. Ni kama kumpa mtu dawa ya homa bila kutafuta malaria.

Kosa la pili ni la mwenye gari mpya ya esansi. Anaona kitabu chake kimeandika 0W-20 ao 5W-30, anacheka: "Hayo ni maji ya Wazungu, Katanga kuna joto!" Lakini moteri hiyo imetengenezwa na nafasi ndogo kati ya vyuma, na pompi yake imepimwa kwa mafuta mepesi. Usibadilishe kwa maneno ya barabarani. Vitabu vingine vina mchoro unaoonyesha uzito mwingine unaokubaliwa kwa inchi ya joto. Fuata mchoro ule, usifuate jirani.

MSTARI WA PILI: HERUFI

Mstari huu ndio watu wanaoruka, nao ndio wenye kuonyesha ubora. Tafuta herufi API. Baada yake kunakuja herufi nyingine:

– Zikianza na S, mafuta ni ya moteri za esansi. Kwa mfano SL, SN, SP.
– Zikianza na C, mafuta ni ya moteri za mazuti. Kwa mfano CF-4, CI-4, CK-4.

Herufi ya pili inaonyesha umri wa agizo. Kadiri inavyokwenda mbele katika alfabeti, agizo ni jipya. CD ilitoka mwaka 1955, CF-4 mwaka 1990, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016. Ile 4 inaonyesha moteri ya mipigo 4. Bidoni nyingine zina herufi zote 2, kama CI-4/SL. Hizo zimekubaliwa kwa mazuti na kwa esansi, lakini herufi za kwanza ndizo za kazi yao kubwa.

Kwa nini ni neno kubwa? Kwa sababu moteri ya mazuti inatoa masizi mengi. Mafuta ya esansi peke yake, hata yakiwa mapya na ya bei kali, hayakutengenezwa kubeba masizi hayo. Yatakuwa tope, filtri itajaa mbele ya wakati, na vyuma vitalia.

Kuna neno moja tena kwa wenye jipu za mazuti za siku hizi. Nyingine zina filtri ya moshi katika bomba la nyuma. Mafuta ya kawaida yakiungua yanaacha majivu, na majivu yale yanaiziba filtri hiyo. Kwa gari za namna hiyo kitabu kinaagiza mafuta yenye majivu machache. Utayajua kwa herufi ACEA, kisha C na namba, kwa mfano C2 ao C3. Usichanganye: C hii ya ACEA si ile C ya API. Kwanza ujue kama gari yako ina filtri hiyo, ndipo ununue.

MFANO WA AMBULANSI YETU

Tuchukue gari tunayoijua wote, Land Cruiser ndefu yenye moteri 1HZ. Ina silinda 6, sentimetre za kibiki 4 164, haina turbo wala filtri ya moshi. Ni moteri ya zamani yenye roho ngumu. Kwa hiyo 15W-40 yenye API CF-4 ao iliyo mpya kuliko hiyo, kama CI-4, inaitosha. Kununua mafuta ya bei mara 3 zaidi si lazima. Ni bora feza ile iende kwa filtri nzuri na kwa kubadilisha mafuta mbele ya wakati kupita.

Rangi ya bidoni na jina la kampani si kitu, mradi namba na herufi ni zile zilizoagizwa, na mafuta ni ya kweli. Wala usinunue vile vichupa vya "dawa ya moteri" vya kuongeza ndani. Mafuta yenye herufi za haki yana dawa zake tayari.

KIPIMO NA WAKATI

Pima mafuta kila juma, na mbele ya kila safari ndefu. Simamisha gari mahali pa sawa, zima moteri, ngojea dakika 5 ili mafuta yashuke. Toa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kitoe tena. Mafuta yawe kati ya alama 2. Chini ya alama ya chini ni hatari, lakini juu ya alama ya juu ni hatari vile vile. Mafuta yakizidi, moteri inayapiga mpaka yanakuwa povu, na povu halilainishi.

Tazama pia rangi na harufu:

– Meusi katika moteri ya mazuti: si ugonjwa. Yamebeba masizi, ni kazi yake.
– Rangi ya maziwa: maji yameingia. Usiendeshe.
– Mafuta yanaongezeka peke yake na kunuka mazuti: mazuti yanavuja ndani. Peleka garaji.
– Unga unaong'aa kama feza: chuma kinaliwa. Mwite mekanisie.

Kubadilisha ni lini? Kitabu ndicho kinachosema. Lakini mara nyingi kinatoa vipimo 2, kimoja cha njia nzuri, kingine cha kazi ngumu. Njia za mgodi ni kazi ngumu: vumbi, mzigo, kilima, na gari kusimama saa nzima huku moteri inazunguka. Saa ile haiongezi kilometa, lakini mafuta yanazeeka. Kwa Land Cruiser ya mazuti katika vumbi, shika kilometa 5 000, na ubadilishe filtri ya mafuta siku ile ile. Safisha ao badilisha filtri ya hewa pia. Vumbi letu lina mchanga mkali. Ule unaokula mapafu ya mchimbaji asiyevaa maski ndio unaokula silinda za gari lako.

Na taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani: simama, zima, mara moja. Taa hii haisemi "ongeza mafuta kesho". Inasema "damu haifiki".

BIDONI YA UONGO

Bidoni kama ile niliyoinunua mimi ziko nyingi. Mtu anaokota bidoni tupu mbele ya garaji, anachuja mafuta ya kale kwa kitambaa, anajaza, anauza. Fanya hivi:

1. Nunua kwa muuzaji unayemjua, mwenye nyumba na risiti.
2. Tazama pete ya kifuniko. Ikiwa imekatika, ao hakuna, acha.
3. Tafuta namba ya kundi iliyopigwa juu ya bidoni. Karatasi ikiwa na madoa, ao herufi zimeandikwa na makosa, acha.
4. Bei ikiwa nusu ya bei ya wengine, jiulize nusu ya pili itatoka wapi. Itatoka katika moteri yako.
5. Ukimaliza mafuta, toboa bidoni yako tupu kwa msumari. Hivi hutamsaidia mdanganyifu.

MAFUTA NA MWILI WAKO

Hapa ninarudi katika kazi yangu. Mafuta mapya ya leo yamesafishwa sana. Yale yaliyotumika ni kitu kingine. Ndani yake mumekusanyika masizi, unga wa vyuma na sumu zinazozaliwa na moto, na sumu hizo zinaweza kuleta kansa ya ngozi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1922 waganga 2 wa Manchester, kule Uingereza, Southam na Wilson, walitangaza ya kuwa wafanyakazi wa mashini za kusokota pamba walikuwa wakipata kansa kwenye mfuko wa mapumbu. Mafuta ya mashini yalirukia suruali zao kila siku, miaka na miaka, nayo yalikaa juu ya ngozi. Ugonjwa haukuja kwa siku moja. Ulikuja kwa kitambaa kilicholowa, kwa suruali isiyofuliwa.

Kwa hiyo ukifanya vidanji wewe mwenyewe:

– Acha moteri ipoe mpaka iwe vuguvugu. Mafuta ya moto yanachoma. Yakikuchoma, tia mahali pale katika maji safi yenye kutiririka dakika 20, kisha njoo dispanseri.
– Usilale chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake. Weka viegemeo vya nguvu.
– Vaa mipira ya mikono. Usitie kitambaa cha mafuta katika mfuko wa suruali.
– Nawa na sabuni na maji. Kunawa na esansi ao mazuti kunatoa mafuta ya ngozi yenyewe na kufungua njia ya sumu.
– Nguo ya kazi yenye mafuta ifuliwe mbali na nguo za watoto. Baba, usimbebe mtoto ukiwa ungali na nguo ile.
– Ukiona kidonda kisichopona, ao chunjua mpya mikononi ao sehemu za siri, usione haya. Njoo tuone mapema.

Sasa ninasema na mama wa nyumba. Nimeona watoto walioletwa dispanseri wamepakwa mafuta meusi ya moteri juu ya upele, choa, ao jeraha la moto. Ninajua mlifanya kwa mapendo, na mabibi walifanya vile. Lakini ngozi yenye jeraha inakunywa sumu upesi kuliko ngozi nzima. Maji safi, sabuni, na dawa ya dispanseri ndivyo vinavyofaa.

Tena, usitie mafuta wala mazuti katika chupa ya limonadi ao ya maji. Mtoto hasomi, anaona chupa. Akinywa, usimtapishe, maana yakiingia mapafuni ni hatari zaidi. Mlete upesi, pamoja na ile chupa. Na mafuta ya kale msiyamwage karibu na kisima ao bustani ya mboga. Yatieni katika bidoni yenye alama, myapeleke garaji wanakokusanya.

MBELE YA KUTIA, JIULIZE

Kitabu cha gari kinaagiza nini? Namba ni ile? Herufi ni zile? Pete ya kifuniko ni nzima? Kipimo ni kati ya alama 2? Niliandika kilometa za kubadilisha tena? Mikono yangu imekingwa?

Maswali 7, dakika 2. Mimi sikuuliza hata moja asubuhi ile, na saa 2 za usiku ule njiani sitazisahau. Yule mzee shofere amestaafu sasa. Siku ya kuagana aliniachia kitabu cha ambulansi, kilichochakaa, chenye alama za vidole vyake kwenye ukurasa wa mafuta. Kiko juu ya meza yangu katika dispanseri, karibu na kitabu cha dawa.

Ndugu, gari unayoitunza leo ndiyo itakayokubeba kesho, wewe ao mtoto wako. Soma, ndipo utie.

Msaidizi wenu wa mganga